Pedali za Gitaa: Tafuta Kwanza Mahali Sauti Inapokwaruza

Mpiga gitaa wa Miembeni, pale Bukoba mjini, anayetaka pedali ana njia mbili: aagize Kariakoo, au avuke Mutukula aende Kampala, ambako ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Kwa njia yoyote ile, pedali hazimfikii zote kwa pamoja. Inatangulia dilei, baadaye inakuja distoshoni, korasi anainunua kwa mwenzake aliyeachana na bendi. Zikishafika tatu au nne, anakutana na swali lisilokwepeka: ipi ikae karibu na gitaa, ipi ikae mwisho? Jibu analopewa huwa ni orodha ya kukariri: tyuna, kompresa, wah-wah, distoshoni, korasi, dilei, riverbu. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba haielezi sababu, na asiyejua sababu hukwama siku mazingira yanapobadilika. Ilitungwa kwa ajili ya wapiga roki wa Marekani na Uingereza, kila mmoja na amplifaya yake ya gitaa nyuma ya mgongo. Katika makanisa na kumbi nyingi za Bukoba na Muleba, jeki ya gitaa inachomekwa kwenye mixa, na mixa inapeleka sauti kwenye spika zilezile wanazotumia waimbaji na mhubiri. Kwa mpiga gitaa huyo nina hoja moja: asianze na orodha, aanze kwa kujiuliza sauti yake inakwaruzwa wapi. Akishapajua hapo, nafasi ya kila pedali nyingine itaonekana, kwa kuwa kinachobaki ni kuamua ikae kabla au baada ya mahali hapo.

Tuanze na kinachopita kwenye waya. Uzi ukitikisika juu ya pikapu, sumaku na koili huzaa umeme mdogo sana, sehemu tu ya volti moja, unaopanda na kushuka kwa kuufuata uzi. Kazi ya pedali ni kuubadili umeme huo kabla haujafika kwenye spika, na pedali zinaubadili kwa tabia mbili zilizo tofauti kabisa. Zipo ambazo hazijali sauti imeingia na nguvu kiasi gani, wala imeingia pamoja na sauti gani nyingine. Dilei huipokea sauti, huihifadhi kwa sehemu ya sekunde, kisha huirudisha. Noti mbili zikiingia kwa pamoja, kila moja hutoka na mwangwi wake, na hakuna inayoigusa mwenzake. Riverbu iko hivyo, ikwaliza iko hivyo. Pedali za tabia hii zikikaa mfululizo, kuzibadilishia nafasi hakuleti tofauti kubwa. Ikwaliza na dilei zikibadilishana, kwa hesabu matokeo ni yaleyale. Korasi na feiza zinayumba kidogo kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo tofauti ndogo ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba katikati ya ngoma, besi na waimbaji wanne hakuna atakayeitambua. Ubishi mrefu wa kama korasi itangulie dilei au ifuate ni ubishi juu ya jambo dogo.

Tabia ya pili ni ya distoshoni, ovadraivu na fazi. Hizi huikuza sauti mara nyingi sana, kisha hukata kilele chochote kinachovuka kiwango fulani, mara nyingi kwa kutumia dayodi au transista. Hapo noti zilizoingia pamoja hazitoki zilivyoingia. Chukua A yenye Hezi 220 na C-shapu iliyo juu yake, yenye Hezi 277 hivi. Zipitishe kwenye dilei, zitatoka 220 na 277, basi. Zipitishe kwenye distoshoni, zitatoka hizo mbili pamoja na nyingine ambazo hakuna kidole kilichozipiga: jumla yake 497, tofauti yake 57, halafu 163, 334, na kuendelea, kila moja na nguvu yake kutegemea saketi ya pedali. Hiyo 57 iko chini ya uzi mnene kabisa wa gitaa, ambao hutoa Hezi 82, na haina udugu wowote na wimbo unaopigwa. Sasa badili C-shapu uweke E ya Hezi 330. Jumla ni 550, tofauti ni 110, na 110 ni A ileile iliyoshuka oktavu moja. Ndiyo maana wapiga roki hupenda kubana noti mbili za namna hiyo wakishakanyaga distoshoni: takataka zinazozaliwa zinakuwa ndugu wa noti zilizopigwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu solo la dansi na la sebene hupenda kutembea kwa noti mbilimbili, kwenye nyuzi mbili zilizopishana kwa noti tatu au sita, yaani zilezile zinazozaa vurugu zikikwaruzwa. Hata mpiga solo anayecheza noti mojamoja hayuko salama kama dilei yake imetangulia distoshoni. Fikiria chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linalokwenda mapigo 120 kwa dakika, noti nne ndani ya kila pigo. Kila noti inachukua milisekunde 125. Dilei ikiwekwa kwenye milisekunde 375, mwangwi wa noti ya kwanza unafika sawia na noti ya nne. Kwa masikio ya msikilizaji hizo ni sauti mbili zinazokwenda pamoja vizuri, lakini kwa distoshoni inayozipokea baada ya dilei hiyo ni kodi ya noti mbili, na inazichanganya kama ilivyochanganya 220 na 277. Mpiga solo amepiga mstari, ukumbi unasikia uji. Anayejua kahawa ya kutafuna ya Wahaya atalielewa hili upesi: buni huchemshwa na majani yenye harufu kabla ya kukaushwa, harufu ikaingia ndani, na ikishaingia hakuna kuitenganisha na buni tena. Mwangwi ukiingia kwenye distoshoni umechemshwa pamoja na noti. Ukija baada yake unabaki pembeni, unaweza kuongezwa, kupunguzwa, hata kuondolewa, na noti ikabaki ilivyo.

Ushahidi wa hilo la mwisho uko jirani, Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa Lusaka na miji ya machimbo ya shaba walipiga roki yenye fazi nyingi, muziki ambao baadaye ulikuja kuitwa Zamrock. Kundi la Amanaz lilirekodi albamu yake iitwayo Africa mwaka 1975, na albamu hiyo ipo kwa namna mbili: moja kavu, nyingine imejaa riverbu. Wapigaji ni walewale na upigaji ni uleule. Hilo liliwezekana kwa kuwa riverbu ilikuja baada ya fazi, katika hatua ya kuchanganya sauti. Kama gitaa lingepitia riverbu kwanza ndipo likwaruzwe, pasingekuwapo namna ya kupata albamu kavu. Ukungu ungekuwa umeshaingia kwenye kila noti. Kwa mpiga gitaa wa jukwaani maana yake ni hii: kinachokaa baada ya mkwaruzo unaweza kubadili mawazo juu yake katikati ya wimbo, kwa kisigino tu, na kinachokaa kabla yake kinaondoka na sehemu ya sura ya sauti.

Lakini mkwaruzo hautoki kwenye pedali peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nashville, Marekani, mpiga gitaa Grady Martin alikuwa akirekodi gitaa lake la besi la nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry. Chaneli moja ya mixa ya studio ilikuwa mbovu, ikaikwaruza sauti yake. Sauti ile ikaachwa kwenye wimbo, wimbo ukatoka mwaka 1961 ukapendwa, na mwaka 1962 ikaingia sokoni pedali ya Maestro Fuzz-Tone, iliyotengenezwa kuiga ubovu ule kwa makusudi. Kwa hiyo miongoni mwa pedali za kwanza za fazi duniani kuna mtoto wa mixa iliyoharibika. Nalileta tukio hili kwa sababu linageuza namna ya kuitazama mixa. Mixa iliyozidiwa inakwaruza. Taa nyekundu ya chaneli ikiwaka kila unapogonga nyuzi, tayari kuna distoshoni ambayo hukuinunua, na imekaa mwisho kabisa wa mstari, baada ya dilei yako na riverbu yako. Unaweza kupanga pedali zako kwa ustadi wote, ukajikuta umeweka mwangwi mbele ya mkwaruzo bila kujua.

Hapa ndipo orodha ya kukariri inapomwangusha mpiga gitaa wa Miembeni, kwa sababu inaishia kwenye pedali ya mwisho. Mstari wenyewe haukomi hapo. Unaendelea kwenye waya mrefu wa kwenda kwa fundi mitambo, chaneli ya mixa, amplifaya kubwa, spika, na jengo lenyewe. Kanisa la matofali lenye sakafu ya saruji na paa la bati lina riverbu yake ambayo hakuna anayeweza kuizima, na fundi mitambo naye ana efekti za ndani ya mixa anazowawekea waimbaji, mara nyingine akalimwagia na gitaa. Riverbu tatu mfululizo hazigombani kihesabu, zote ni za tabia ya kwanza, ila zinaondoa ukali wa mwanzo wa noti, na rizimu bila ukali huo haina kazi. Enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, ile aliyoipiga Habibu Selemani na ambayo Profesa M. M. Mulokozi ameandika habari za wapigaji wake, ilifuata mpango huohuo bila umeme: uzi unapigwa, mbao zinaikuza sauti, kisha nyumba inaongeza mvumo wake mwishoni. Masikio yetu yamezoea mvumo uje mwisho kwa sababu ndivyo sauti ilivyotufikia tangu zamani, na riverbu iliyokwaruzwa hushtua kwa kuwa hakuna nyumba inayotoa sauti ile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpiga gitaa anayechomeka kwenye mixa inafanyika kabla ibada au dansi halijaanza. Awashe pedali yake yenye kelele kuliko zote, agonge nyuzi kwa nguvu atakayoitumia wimbo ukipamba moto, na fundi mitambo apunguze geni ya chaneli mpaka taa nyekundu isiwake. Wengi hupima sauti wakiwa wamezima kila kitu na wanapapasa nyuzi, halafu chemko likifika, ovadraivu inawashwa, chaneli inafurika. Hakuna mpangilio wa pedali unaoweza kutibu jambo hilo.

Kuna la pili linalotokana na kukosa amplifaya ya gitaa, nalo ndilo linalowakatisha tamaa vijana wengi walionunua distoshoni kwa fedha nyingi. Amplifaya ya gitaa haikuzi sauti tu. Spika yake, kwa kawaida ya inchi 12, haina uwezo wa kutoa masafa ya juu. Kuanzia kwenye Hezi 5,000 hivi sauti inaporomoka, na huko juu ndiko kunakokaa makali mabaya ya mkwaruzo. Spika za ukumbi zina twita, zinatoa kila kitu. Distoshoni iliyonona kwenye rekodi inageuka kuwa nyuki ndani ya bati. Dawa ni kifaa kinachoiga spika ya gitaa, ambacho siku hizi kimo ndani ya multi-efekti nyingi, hata za bei ndogo. Kinakaa wapi? Kanuni yetu inajibu bila kutazama orodha yoyote. Kifaa hicho kinachuja makali yanayozaliwa na mkwaruzo, kwa hiyo lazima kikae baada yake, na kikishakuwa baada yake, kwa kuwa ni cha tabia ya kwanza, kama kimetangulia dilei au kimeifuata hakuna tofauti. Hilo lina faida kwa asiye na kifaa chenyewe: fundi mitambo anaweza kukata masafa hayo ya juu kwa ikwaliza ya chaneli, kama inafika huko, na kazi itakuwa ileile ingawa mixa iko mwisho kabisa wa mstari. Ikwaliza nyingi za mixa ndogo haziwezi kukata kwa usafi kama spika halisi, lakini kupata nusu ya dawa ni afadhali kuliko kurudisha pedali sandukuni.

Kompresa inahitaji maelezo yake, maana inakaa kati ya tabia hizo mbili. Haikati vilele kama distoshoni, lakini nayo inajali nguvu: sauti kubwa inaibana, sauti ndogo inaiinua. Ikitangulia dilei, inasawazisha noti zako, kisha mwangwi unafifia kwa utaratibu wake. Ikiifuata dilei, kila noti inapoanza kufa kompresa inauinua mwangwi, na nafasi zote zilizokuwa wazi zinajaa. Kwa mpiga rizimu hiyo ni hasara ya moja kwa moja, kwa sababu rizimu ya dansi imejengwa juu ya nafasi hizo. Kinachowafanya watu wacheze ni kimya kifupi kilichopo kati ya pigo na pigo. Mpiga solo anayetaka noti ndefu kwenye wimbo wa taratibu anaweza kulipenda jambo hilohilo. Kompresa pia isikae mbele ya distoshoni bila sababu, kwa kuwa inainua hata muungurumo wa umeme, ule wa Hezi 50 na ndugu zake unaonaswa na pikapu za koili moja, kisha distoshoni inaukuza mara nyingine tena. Gitaa linanguruma kati ya wimbo na wimbo, na lawama zinaangukia waya.

Wah-wah, pedali ya volyumu na ikwaliza ndizo zenye pande mbili za halali, kabla ya mkwaruzo au baada, na hapo mpigaji anachagua kwa ladha akijua anachochagua. Pedali ya volyumu ikitangulia distoshoni, mguu unapunguza ukali wa mkwaruzo na sauti kubaki karibu kubwa vilevile. Ikiifuata, mguu unapunguza sauti na ukali kubaki. Ikwaliza ikitangulia, unachagua masafa yatakayokwaruzwa. Kupunguza besi hapo husafisha distoshoni kuliko kuipunguza baadaye. Wah-wah ikitangulia inasema kama mtu, ikiifuata inafagia ukumbi mzima kwa sababu distoshoni imeilisha masafa mengi ya kuchuja. Kwa bendi yenye solo mbili na rizimu ningeiweka mbele, isije ikameza wenzake.

Pingamizi la kwanza kwa yote haya hutoka kwa wanamuziki wenyewe, na lina heshima yake: sanaa haina sheria, mwamuzi ni sikio. Nakubali kwamba sikio ndilo linaloamua. Ila pedali sita zinaweza kupangwa kwa namna 720, na hakuna mtu atakayezijaribu zote. Isitoshe, sikio linaloamua chumbani kwa sauti ndogo si sikio la ukumbini. Mwangwi uliokuwa mtamu ulipokuwa peke yako unapotea ukikutana na ngoma, na mkwaruzo uliokuwa laini unakuwa msumeno kwenye twita. Kujua tabia mbili za pedali hakulinyimi sikio uamuzi, kunaliondolea mamia ya majaribio yasiyo na tofauti, kama yale ya korasi na dilei, na kulielekeza kwenye machache yenye tofauti kubwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wapigaji mashuhuri walioweka mwangwi au feiza mbele ya mkwaruzo na wakaacha jina. The Edge wa U2 alipitisha dilei zake kwenye amplifaya za Vox zilizosukumwa mpaka zikaanza kukwaruza kidogo. Eddie Van Halen aliiweka feiza yake mbele ya amplifaya ya Marshall iliyokuwa ikiwaka moto. Kevin Shields wa My Bloody Valentine aliipeleka riverbu ya kinyumenyume kwenye mkwaruzo kwa makusudi, na ule ukungu ndio sauti ya kundi lake. Je, hawa si ushahidi dhidi yangu? Naona wanaithibitisha kanuni. Kila mmoja alipata badiliko kubwa kwa sababu alivuka mstari uleule wa mkwaruzo. Kama wangebadili nafasi za korasi na riverbu tu, hakuna ambaye angewaandika. Tena tazama wanachopiga. The Edge anapiga noti chache, nyingi zikiwa za udugu wa karibu, kwa hiyo mwangwi ukikutana na noti mpya kinachozaliwa kinapatana na wimbo. Mpiga solo wa sebene anamwaga noti kumi na sita ndani ya mapigo manne, noti mbilimbili. Anayetaka kuiga mpangilio wa The Edge aige na ubahili wake wa noti.

Pingamizi la tatu nalipenda kuliko yote, kwa kuwa linatoka nyumbani: muziki wetu haukwaruzi, basi maneno yote haya ya nini? Ni kweli kwamba magitaa yaliyotulea yalikuwa masafi. Docteur Nico, Mbaraka Mwinshehe, wapigaji wa bendi ya Maquis waliofika Dar es Salaam kutoka Zaire mwaka 1972, bendi za NUTA na baadaye Mlimani Park, hawa walijenga majina yao kwa vidole na kwa jinsi gitaa moja linavyolijibu jingine. Na ni kweli pia, kwa mujibu wa kanuni hiihii, kwamba mwenye korasi, dilei na riverbu pekee hana sababu ya kukosa usingizi. Apange anavyoona inafaa. Lakini usafi ule haukuwa wa bure. Vyombo vilikuwa adimu, na mashirika na taasisi za umma ndizo zilizozinunulia bendi nyingi vifaa, maana mwanamuziki peke yake hakuwa na uwezo huo. Bendi zilipoingia studio za Radio Tanzania, zilipiga zote kwa pamoja, na sauti ya gitaa ilibidi iwe imekamilika kwenye amplifaya kabla haijafika kwenye kinasa. Tena gitaa safi ndilo linaloonyesha upesi zaidi mkwaruzo usiotakiwa. Anayepiga roki akizidisha mixa kidogo, nani atajua? Anayepiga solo safi akizidisha kiasi hichohicho, kila mtu ukumbini anasikia kitu kimechanika. Mwenye kupenda usafi ana haja kubwa zaidi ya kujua mkwaruzo unaweza kuingilia wapi.

Yapo mambo mawili ambayo kanuni yangu haiyafikii, nayo ni ya umeme mtupu. Fazi za muundo wa kale, kama Fuzz Face iliyoanza kutengenezwa London mwaka 1966, zinataka kuunganishwa na pikapu moja kwa moja. Ukiweka pedali nyingine katikati, hata iliyozimwa, sauti inaweza kukonda na kupiga kelele, kwa sababu saketi yake imezoea kulivuta gitaa lenyewe. Mwenye fazi hiyo aiweke ya kwanza, kabla hata ya tyuna. La pili ni gitaa kuchomekwa kwenye tundu la mixa ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Pikapu inataka kupokelewa na ukinzani mkubwa, takribani omu milioni moja, na tundu la laini la mixa nyingi lina elfu kumi hivi. Trebo inapotea, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi, na mpigaji analaumu nyuzi. Kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mixa, kinatibu hilo. Pedali ya kampuni ya Boss iliyo kwenye mstari nayo inatibu hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndani yake kuna saketi inayoipokea pikapu vizuri na kuisukuma sauti mbele, ikavuka hata waya mrefu wa kwenda kwa fundi mitambo. Nitaongeza neno juu ya adapta, kwa kuwa uharibifu wake hautibiki kirahisi: pedali nyingi zinataka volti 9 na hasi katikati, na adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani zina chanya katikati. Pini inaingia vizuri kabisa, na pedali inaweza kufa papo hapo.

Anayetumia multi-efekti moja badala ya pedali nyingi anaweza kudhani yamempita haya. Hayajampita. Ndani ya kile kisanduku zimo pedali zilezile, zimepangwa na mtengenezaji kwa kumfikiria mwenye amplifaya, na nyingine huja na distoshoni kali na riverbu nzito ili zipendeze dukani kwenye hedifoni. Afungue menyu, atafute sehemu ya mkwaruzo, ahakikishe dilei na riverbu ziko baada yake, awashe kifaa cha kuiga spika anapokwenda kwenye mixa na kukizima siku anapopata amplifaya halisi. Kwa mwenye pedali nne za kawaida, kompresa, ovadraivu, korasi na dilei, ningeanza kwa mfuatano huohuo, nikiipa kompresa nguvu ndogo kwa sababu ya muungurumo, kisha ningejaribu badiliko moja tu la maana: kuihamisha kompresa iwe baada ya ovadraivu, lakini bado kabla ya dilei. Hapo ovadraivu haikuzi tena muungurumo uliokwisha kuinuliwa na kompresa, na noti za solo zinabaki sawa. Riverbu ningeliachia jengo, na kama kuna magitaa mawili jukwaani, dilei ya mpiga rizimu ningeiomba izimwe chemko linapoanza, ili mwangwi unaosikika uwe wa solo peke yake.